Usihesabu ada ya mwaka wa kwanza, hesabu mpaka mwaka wa mwisho

Haya ni maneno niliyoongea Masasi, kwenye kikao cha wazazi na vijana waliomaliza kidato cha sita. Watu wengi waliniomba niyaandike, kwaiyo nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni, na mwishoni nimeongeza na swali moja lililoulizwa.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, na ndugu zangu Wakristo Bwana Yesu asifiwe. Wadogo zangu mliobanana huko nyuma sogeeni mbele, nafasi zipo, haya mambo ni yenu kuliko ya hawa wazee.

Nimeombwa niongelee kuchagua chuo. Sitasema someni kwa bidii, hiyo mmeambiwa tangu chekechea na kama mngekuwa hamjasoma msingekuwa hapa. Nataka tuongee hela, hela yenyewe kwa tarakimu, halafu tuongee kitu kingine ambacho huku kwetu hakiongelewi kabisa, nacho ni kama huyu mtoto na hicho chuo vinaendana au tunamsukuma tu aende.

Mnajua inavyokuwa. Matokeo ya fomu siksi yanatoka mwezi wa saba, dirisha la udahili linafunguliwa papo hapo, watoto wengine bado wako JKT, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, na simu hawana, kwaiyo anayeomba chuo ni kaka mtu. Mi nimeshakaa steshenari nikashuhudia kwa macho yangu. Kijana wa kompyuta anauliza tuweke nini chaguo la tatu, kaka mtu anaangalia saa anasema we weka chochote tu tuwahi. Chochote! Miaka mitatu ya maisha ya mtu, na mamilioni ya wazazi, imeamuliwa na neno chochote, halafu ile chaguo la tatu ndo inayokuja kumpata.

Ngoja niwape ya kwangu.

Mimi ni mzaliwa wa Tandahimba. Baba ni mkulima wa korosho, mama alikuwa anauza ming'oko ya kuchemsha stendi. Nilisoma EGM, yani uchumi, jiografia na hesabu, nikamaliza 2012, na hesabu nilikuwa nazipenda kweli, sio kwa sababu nafaulu, nilikuwa nazipenda kama mtu anavyopenda mpira. Sasa sisi watu wa huku tunajua mjomba ana nguvu gani kwenye ukoo. Mjomba wangu, mtu mwema sana, aliyeninunulia begi la kwanza la shule, alikuwa ameshindwa kesi ya shamba la mikorosho kwenye baraza la ardhi, na mwenzake alikuwa na wakili yeye hana. Akaapa kwamba kwenye ukoo wetu lazima atoke mwanasheria. Mimi ndo nilikuwa nimefaulu mwaka ule, kwaiyo mwanasheria ni mimi. Hakuna aliyeniuliza na wala mimi sikusema kitu, maana unaanzaje kumkatalia mjomba?

Kikachaguliwa chuo kimoja cha binafsi Dar. Sitakitaja, na wala sina ugomvi nacho, kwa mwingine kinaweza kuwa chuo kizuri. Sheria ni miaka minne. Ada milioni mbili na ushee kwa mwaka. Mkopo sikupata. Kikao cha ukoo kikakaa, wakachanga ada ya mwaka wa kwanza, tena kwa moyo, bibi yangu alitoa 20,000 iliyofungwa kwenye kona ya khanga, naikumbuka ile noti mpaka leo ilikuwa imelainika kama kitambaa. Wote wakashangilia kwamba mtoto kashapata ada anaenda chuo.

Kosa lilikuwa hapo. Ukoo mzima ulipiga hesabu ya mwaka mmoja kwa safari ya miaka minne. Ni kama mtu anayetoka Mtwara kwenda Dar, kilomita 560 na kitu, anajaza mafuta ya kumfikisha Nangurukuru halafu anasema Mungu atasaidia mbele. Mungu anasaidia kweli, ila basi litakuwa limeshazima njiani.

Sasa hesabu ya chuo iko hivi, wazazi naombeni mnisikilize hapa. Ile karatasi ya kujiunga inapokuja, macho yote yanaenda kwenye mstari wa ada ya masomo. Shukeni chini, someni mistari midogo midogo. Kuna usajili, kuna kitambulisho, kuna umoja wa wanafunzi, kuna ya tume ya vyuo, kuna bima ya afya kama mtoto hana bima nyingine, kuna tahadhari ya uharibifu, kuna ya mitihani kwa vyuo vingine. Hizo zinaitwa michango mingine, ukizijumlisha unakuta ni pesa ya maana. Halafu yanakuja ya nje ya karatasi ambayo chuo hakikuandikii kabisa. Hosteli za chuo hazitoshi, kwaiyo mtoto anapanga geto mtaani, na mwenye nyumba wa mjini hataki kodi ya mwezi mmoja, anataka miezi sita mkononi. Godoro, ndoo, jiko la gesi. Laptopu, maana siku hizi kazi zinatumwa kwa mtandao, na bando la kila wiki. Kutoa kopi. Nauli ya daladala kila siku kama geto liko mbali, na geto la bei rahisi siku zote liko mbali.

Alafu nauli ya kurudi nyumbani. Sisi wa kusini hii inatuuma kuliko wengine. Mtoto anayesoma Dodoma ana kama kilomita elfu moja mpaka hapa, anapita Dar au anazungukia Songea, njiani lazima ale, wakati mwingine lazima alale. Mara mbili kwa mwaka kwenda na kurudi. Na barabara yetu mnaijua, Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga kuna wanafunzi walikwama njiani siku kadhaa wakila hela ya semista. Haya yote ni bei ya chuo, hata kama hayajaandikwa kwenye karatasi.

Mimi hayo sikuyajua. Semista ya kwanza ya mwaka wa kwanza nilikwenda vizuri. Wenye umri mnakumbuka msimu wa 2012 kuingia 2013 korosho zilikuwaje, malipo ya kwanza yakaja kidogo, ya pili ikawa haijulikani, na kule Liwale Aprili 2013 watu walifikia kuchomeana nyumba kwa hasira ya malipo. Mnaongea habari za siasa na fujo, lakini mimi ile nilikutana nayo mlangoni kwa chumba cha mtihani.

Ilikuwa mwezi wa saba, mtihani wa mwisho wa semista. Nimefika saa moja na nusu asubuhi, nina kalamu mbili, kitambulisho, na chupa ya maji niliyoitoa karatasi yake maana hawaruhusu maandishi. Mlangoni wamebandika orodha ya wasioruhusiwa kuingia kwa sababu ya ada. Jina langu namba 43, mbele yake 870,000. Msimamizi alikuwa mama mtu mzima, akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu nenda uhasibu kaongee nao. Nikaenda, foleni imetoka dirishani imeshuka ngazi mpaka chini. Mtihani ulianza saa tatu mimi nikiwa ngazi ya nne. Nasikia kengele. Nikampigia baba, akasema ngoja, yuko chama cha msingi cha ushirika wanakolipwa korosho, karani kawaambia wiki ijayo. Baba hakuwa na kosa, karani hakuwa na kosa, hata yule mama wa mlangoni hakuwa na kosa. Kosa lilifanyika mwaka mmoja nyuma, kwenye kikao, tulipohesabu ada tukasahau kuuliza hii hela inaingia lini na chuo kinaitaka lini.

Ndo maana nasema, ukichagua chuo weka kalenda ya chuo na kalenda ya korosho mezani pamoja. Mnada unaanza Oktoba, hela inaingia Oktoba mpaka Desemba, ikichelewa Januari. Chuo kinafunguliwa Oktoba mwishoni au Novemba, hapo mko salama. Semista ya pili inaanza Machi Aprili, na wakati huo kwenye nyumba ya mkulima kuna nini? Hakuna kitu, na mwezi wa sita salfa ya kupulizia mikorosho inadai hela. Kwaiyo ya semista ya pili itengwe Desemba, isiguswe na harusi wala ngoma ya unyago wala bati. Na kabla mtoto hajathibitisha chuo, piga simu ofisi ya uhasibu ya hicho chuo, waulize mnapokea ada kwa awamu ngapi. Vyuo vingine vinakubali nne, vingine mbili tu na hawasikilizi. Hilo swali ni la bure na majibu yake yanaweza kukubadilishia chuo kabisa.

Mwaka wa pili nikarudi, mitihani ya maalumu nikafanya, deni likalipwa kwa baba kukodisha mikorosho yake kwa mtu kwa misimu mitatu. Nataka niseme hili mbele ya wazazi wangu hapa. Msikodishe mikorosho kwa ajili ya ada, na msiuze shamba. Najua mapenzi yanawasukuma. Lakini mkorosho unaokodishwa ndo ungelipa mwaka wa tatu na wa nne, na wadogo zake waliobaki shule ya msingi nao wanautegemea. Chuo kinachohitaji uuze kinachokulisha hicho sio chuo chenu, hata kiwe na jina gani. Hapa mimi simung'unyi maneno kwa sababu niliona baba yangu anapita pembeni ya shamba lake mwenyewe wakati wa kuokota, watu wengine wanaokota.

Na bado sikumaliza. Februari 2014 nikapata sapu tatu, yani mitihani mitatu ya kurudia, na zile hazikuwa za ada, zile zilikuwa zangu. Sheria naiheshimu, lakini nilikuwa nasoma kesi moja kurasa arobaini, nafika mwisho sikumbuki mwanzo, usingizi unanichukua. Wenzangu niliokaa nao geto walikuwa wanabishana kesi mpaka saa nane usiku wanacheka, wanafurahia, na mimi nawaangalia kama mtu aliyekaa kwenye sherehe ya lugha asiyoijua. Hapo ndo nikaelewa kwamba hata kama hela ingekuwepo ningefika mwaka wa tatu nikadisko tu, yani nikaondolewa chuo kwa kufeli. Nikafunga begi nikarudi Tandahimba.

Nimebangua korosho miezi kadhaa mwaka ule. Wanaojua kazi ile wanajua vidole vinakuwaje na yale mafuta ya ganda. Mjomba hakunisemesha muda mrefu, halafu siku moja akaja akakaa kwenye mkeka akauliza, hivi we mwenyewe ulikuwa unataka kusoma nini? Miaka miwili na mamilioni yale, ndo tukafika kwenye swali ambalo lilitakiwa liwe la kwanza.

Nikaomba SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, uchumi kilimo, miaka mitatu. Chuo cha serikali, ada yake ilikuwa kama nusu ya kule, na safari hii mkopo nilipata, sio wote lakini nilipata. Sasa niwaambie kuendana maana yake nini, kwa sababu watu wakisikia hilo neno wanadhani ni mambo ya kudeka. Wiki ya pili tumeingia somo la masoko, mwalimu kachora mistari miwili ubaoni, ya wauzaji na ya wanunuzi, akaanza kuelezea bei inavyopanda na kushuka. Mi nikaona mnada wa korosho. Nikaona stakabadhi ghalani tunayoitumia tangu 2007, nikaona magunia, ghala, chama cha msingi, barua za wanunuzi zinafunguliwa kwenye mkutano na wakulima wamekaa chini ya mwembe. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini kilo inatajwa bei ile na baba anapokea bei hii, makato yako wapi na ni ya nani. Jioni sikulala nikafanya maswali yote ya mwisho wa sura ambayo hakuna aliyetuagiza. Hiyo ndo maana yake. Chuo kinachokufaa ni kile ambacho kazi ya ziada unaifanya bila kusukumwa, kwa sababu chuo chochote kile kitakuwa na siku za njaa na siku za kuchelewa kwa bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, na siku hizo kinachokubakiza darasani ni kupenda unachosoma.

Na fildi, yani mafunzo kwa vitendo, niliombea huku huku nyumbani, nikalala kwa mama, nikala kwa mama, ile hela ya fildi nikanunulia laptopu. Leo nafanya kazi na vyama vya msingi vya ushirika, nakagua zile zile hesabu zilizokuwa zinamchanganya baba.

Lakini msije mkanielewa vibaya mkadhani nasema nendeni chuo cha bei rahisi. Hapana kabisa. Nina rafiki yangu wa Nachingwea, huyo alisoma PCB, yani fizikia, kemia na baiolojia, na alikuwa kichwa haswa. Angeweza kuomba udaktari Muhimbili na akapata. Nyumbani wakasikia miaka mitano, na mmoja wa kufanya kazi chini ya uangalizi, wakasema hiyo ni mingi hatuna uwezo, akapelekwa kozi fupi ya bei chee, chuo kilikuwa karibu. Hakuna aliyekaa chini kuuliza kwamba udaktari ni miongoni mwa masomo ambayo Bodi ya Mikopo inayapa kipaumbele, kwamba chuo ni cha serikali, kwamba pengine familia ingebaki inatoa kidogo kuliko walivyotoa kwenye ile ya bei chee ambayo haikuwa na mkopo. Na kile chuo maabara yao ilikuwa chumba chenye meza na mabango. Alipomaliza akahangaika sana na usajili wa baraza la taaluma yake. Tukikutana tunaongea mengi ila hilo huwa hatuligusi.

Kwaiyo rahisi inaweza kuwa ghali. Kabla hujafurahia ada ndogo hakikisha vitu viwili vitatu. Chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kama ni digrii, au NACTVET kama ni cheti na diploma, tena kozi yenyewe sio jina la chuo tu, mnakumbuka 2017 TCU walivyozuia vyuo kadhaa visichukue wanafunzi wapya. Kama ni fani yenye baraza au bodi, uuguzi, famasi, uhandisi, uliza hilo baraza linawasajili wahitimu wa pale. Na mtafute mtu anayesoma pale sasa hivi, mwaka wa pili au wa tatu, sio yule anayepiga picha za mahafali, muulize mwalimu anakuja darasani? Kompyuta mnashika kwa zamu ya watu wangapi? Fildi mnatafutiwa au kila mtu kivyake? Wa Masasi wako kila chuo nchi hii, ukiuliza nyumba ya tatu hapo mtaani kwenu utampata.

Kuhusu mkopo nitaongea haraka kwa sababu wenzangu watakuja kuuelezea. Mkopo ni mkopo. Hela ya kula na kulala kwa sasa ni 10,000 kwa siku, inakuja kwa mafungu na mwanzoni mwa mwaka huwa inachelewa, kwaiyo mtoto asipande basi na mfuko mtupu akitegemea bumu, awe na akiba ya wiki sita. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara, yani mshahara ukiwa 800,000 inaondoka 120,000 kila mwezi kabla hujaishika. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inavimbisha deni ilifutwa 2021, tunashukuru. Lakini bado ni deni, na deni la chuo ambacho hukumaliza linakatwa vile vile kama la aliyemaliza. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vihakikiweni RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, mapema, kila mwaka kuna watoto yatima wanaokosa mkopo kwa sababu ya karatasi tu, na hilo linaniumiza sana.

Halafu tuache kudharau vya nyumbani. Mtu akisema anasoma Mtwara watu wanamuangalia kama ameshindwa. Kwa nini? Pale Mtwara kuna chuo kikuu kishiriki cha STEMMUCO, kuna kampasi ya TIA ya uhasibu, kuna chuo cha kilimo, kuna vyuo vya afya, Ndanda hapo uuguzi, VETA Mtwara na Lindi, na Chuo Kikuu Huria kina vituo kwenye mikoa yote miwili kwa mtu anayetaka kusoma huku anafanya kazi. Kama kozi unayoitaka kweli ipo hapa, ukasoma unatokea kwa shangazi, hela ya geto na nauli ya miaka mitatu hiyo ni mtaji. Na njia ya diploma kwanza, ukapata kazi, ndo uende digrii, sio njia ya walioshindwa, ni njia ndefu kidogo inayopita mahali penye maji. Ila kama kozi unayoitaka haipo hapa basi nenda, nenda hata Bukoba, usisome kitu usichokitaka eti kwa sababu kipo jirani.

Na wajomba. Wajomba zangu mko hapa nawaona. Nguvu yenu kwenye ukoo tunaihitaji, bila nyie hakuna mchango unaokusanyika. Naomba kitu kimoja tu, kwenye kile kikao kabla hamjasema mtoto aende wapi, mtoto aongee wa kwanza. Najua kwa mila yetu mdogo anaongea mwisho. Kwenye hili naomba tumpishe.

Nilimaliza hapo, zikaja maswali. Mengi yalikuwa ya mkopo. Moja nimeona niliandike.

Mama mmoja wa Chiungutwa alisimama, amebeba daftari la shule limekunjwa katikati. Akasema binti yake amepata vyuo viwili, chuo cha binafsi Dar kozi ya biashara, na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kozi ya hisabati na takwimu, na anatakiwa athibitishe kimoja ndani ya siku chache kwa ile namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Mjomba anataka Dar kwa sababu kuna ndugu wa kumpokea. Mama mwenyewe ana mikorosho 90, na baba wa mtoto alishafariki. Anafanyaje?

Nikamwambia asogee tukakaa kwenye benchi la mbele, watu wote wanasikiliza. Tukafungua lile daftari, lilikuwa la palizi na salfa, kurasa zimejaa majina ya vibarua na tarehe. Ukurasa mpya tukachora safu mbili. Dar huku, Dodoma huku. Ada, michango, chumba, kula, nauli, vifaa. Mjomba mtu alikuwepo, akasogea naye, akasema kwa haki kabisa kwamba yule ndugu wa Dar ana chumba kimoja na watoto wanne, kwaiyo mstari wa chumba ukarudi. Mkopo tukakadiria nusu tu, tusijidanganye. Safu ya Dodoma ikabaki 1,150,000 kwa mwaka ya kutoka mfukoni. Safu ya Dar ikabaki karibu mara tatu yake. Tukazidisha kwa miaka mitatu zote mbili, mjomba akavua kofia akakaa kimya.

Mama akaangalia ile 1,150,000 akaniuliza, hii mwanangu ni magunia mangapi? Nikasema tuseme gunia kilo 80, na tuweke bei ya chini baada ya makato, kilo 2,500, nikaanza kutafuta kikokotoo kwenye simu.

Binti alikuwa amesimama nyuma ya mama yake muda wote hajasema neno. Kabla sijafungua simu akasema, hayafiki sita, mama.